Kompyuta ya ofisi ya uchapaji imekuwa nzito: niitengeneze, au ninunue nyingine iliyotumika?

Mama_Mchapaji (Kenya, Lubumbashi)

Ndugu zangu, hamjambo. Nina ofisi ndogo ya uchapaji na fotokopi katika mtaa wa Kenya, karibu na soko. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta memwari zao (tasnifu za chuo) zichapwe na kupangwa vizuri kabla ya kuzipeleka chuoni, na waliobaki ni watu wanaohitaji barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba na matangazo ya msiba, ambayo hayasubiri kesho.

Kompyuta ninayoitegemea ni ya kupakata, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Ulaya. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500, nayo inatumia Windows 10. Nikiiwasha asubuhi ninaweza kufagia ofisi nzima, kupanga karatasi na kumhudumia mteja wa fotokopi kabla haijakubali kufungua Word. Nikifungua memwari yenye picha na majedwali mengi, kishale kinageuka duara na kuanza kuzunguka, na mteja aliyesimama nyuma yangu anaanza kutazama saa. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika mashine inazimika papo hapo, na aya ambazo sijazihifadhi zinapotea.

Sasa fundi mmoja ameniambia kwamba Windows 10 imekwisha na kwamba mashine yangu haina uwezo wa kupokea Windows 11, hivyo haifai kutumiwa hata faranga moja. Mwuzaji mmoja wa mjini naye ananishawishi nichukue Core i7 iliyotumika, ambayo anaisifu kuwa ni kali kuliko zote alizo nazo. Nimeweka kando dola 150. Je, nizitumie kuitengeneza hii niliyo nayo, au niongeze kidogo nichukue hiyo Core i7? Na ni kweli kwamba nikiendelea na Windows 10 niko hatarini? Naomba majibu ya mtu anayezijua mashine, si ya mtu anayeziuza.

Kijana_wa_Katuba

Mama, mimi ningeachana nayo. Kizazi cha tatu cha Core i5 kilitoka mwaka 2012. Leo utabadilisha diski, kesho itakuwa feni, keshokutwa kibodi, na mwisho utajikuta umetumia pesa ya mashine nzima huku mkononi ukiwa na kitu kilekile. Ongeza kidogo ununue inayokubali Windows 11, ukae kwa amani.

Bisibisi_BelAir

Jambo Mama. Kabla hujamlipa mtu yeyote, fanya jaribio ambalo halina gharama. Kompyuta ikishawaka na kuanza kujivuta, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj (Shift) na Échap (Esc). Litafunguka dirisha la Gestionnaire des tâches. Likiwa dogo bonyeza Plus de détails, kisha utazame safu za Processeur, Mémoire na Disque. Kwa maelezo uliyotoa, ninatarajia utaikuta prosesa haina kazi kubwa, huku diski imeganda kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa. Kama ndivyo, anayekuchelewesha amejulikana, na wala si prosesa.

Diski ya kawaida ina sahani inayozunguka, kwa kompyuta nyingi za kupakata mara 5,400 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea ambacho ni lazima kisogee hadi mahali data ilipo. Kila kusogea huko huchukua milisekunde kumi au zaidi, kwa hiyo diski ya aina hiyo haiwezi kufanya zaidi ya safari mia moja hivi kwa sekunde, ilhali Windows inapowaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila upande. Prosesa yako ni mchapaji hodari anayekaa mikono mitupu akimsubiri mtoto aliyetumwa dukani kuleta karatasi moja moja. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu chochote kinachozunguka wala kusogea, na safari zake kwa sekunde zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ndiyo sababu, tofauti na ndugu yetu wa Katuba, ninasema usinunue mashine, nunua diski.

Mashine ya kizazi hicho inahitaji SSD ya SATA ya inchi 2.5, ile yenye umbo la diski ya kawaida lakini nyembamba zaidi. Usikubali kuuziwa kile kibao kidogo kiitwacho NVMe, hata kama mwuzaji anakusifia kwamba kina kasi zaidi, kwa sababu mashine yako haina mahali pa kukichomeka. Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kabisa kwa kazi za maandishi. Usivutiwe na SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana: ndani ya vitu hivyo mara nyingi kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, nayo itapokea mafaili yako kwa adabu zote, kisha siku ukiyahitaji utakuta majina yapo na yaliyomo hayapo. Programu ya bure ya H2testw inaiumbua, kwa kuwa inaijaza diski nzima na kuyasoma tena yote iliyoandika. Kubaliana na mwuzaji kwamba utaifanyia kipimo hicho, na kama anakataa, hama duka.

Kabla ya kuibadilisha diski, itazame hali yake kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo nayo ni ya bure. Ikionyesha rangi ya buluu, una nafasi ya kupumua. Ikionyesha njano au nyekundu, hasa kwenye mstari wa sekta zilizohamishwa au zile zinazosubiri kuhamishwa, maana yake uso wa sahani umeanza kuharibika, na jambo la kwanza siku hiyohiyo ni kuyanakili mafaili ya wateja mahali pengine. Hapo usimruhusu mtu afanye "défragmentation", yaani kuvipanga upya vipande vya mafaili, eti aipunguzie uzito. Kazi hiyo huilazimisha diski mgonjwa kukimbia saa nyingi, na zipo diski zilizokata roho katikati ya tiba hiyo.

Mafundi wengi watapenda kukuhamishia kila kitu kama kilivyo kutoka diski ya zamani kwenda mpya, kwa sababu wanamaliza haraka. Mimi ningeomba Windows iwekwe upya kabisa, kisha mafaili yako peke yake ndiyo yarudishwe. Mashine ya ofisi ya uchapaji inapokea flashi za kila aina, na takataka zilizojikusanya humo, pamoja na virusi kama vipo, hazina sababu ya kuhamia nyumba mpya. Kama Windows yako ilikuwa na leseni halali, itaitambua mashine ileile ikishaunganishwa na intaneti, bila kudai namba mpya.

Baada ya SSD, cha pili kwa maoni yangu si RAM bali betri. Watu wanaiona betri ya kompyuta ya kupakata kama kitu cha kutembelea nayo, na kwa kuwa mashine haiondoki mezani wanaona haina haja. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, betri nzima ndiyo inayokupa muda wa kumalizia sentensi, kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kila mara mashine inapozimika ghafla ikiwa inaandika, kuna hatari kwamba faili lililokuwa wazi litaharibika, au hata orodha ambayo Windows inaitumia kujua kila faili liko wapi. Na hilo SSD hailiponyi. Ukienda kununua, ichukue betri ya zamani mkononi, ulinganishe namba ya modeli na volti zilizoandikwa juu yake. Ya volti 10.8 na ya volti 14.4 zinaweza kufanana kwa umbo, lakini hazibadilishani.

Ukishaivalisha, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi litakalotokea, na humo uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Ndani yake kuna uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo ilio nao leo. Kwa betri inayoitwa mpya, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Zikiwa mbali, umeuziwa iliyopakwa rangi.

RAM ya GB 8 itakusaidia unapofungua Word, kivinjari na faili zito la PDF kwa wakati mmoja, basi, lakini iwe ya aina ya DDR3, kwa kuwa DDR4 ina mkato mahali tofauti na haiingii. Kwa pesa uliyoiweka kando, SSD na betri vinapaswa kupatikana, na huenda RAM pia ukijua kupatana bei.

Kuhusu Windows 10, fundi wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kweli kwamba Windows 11 inadai rasmi chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane hivi. Lakini mashine haizimiki kwa sababu hiyo; kinachokoma ni marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ya usalama. Watumiaji binafsi waliruhusiwa kujiandikisha waongezewe marekebisho hayo hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ama bure kwa kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft, ama kwa kulipa dola 30. Fungua Paramètres (mipangilio), kisha Windows Update, ulitafute tangazo hilo. Orodha ya virusi ambayo Defender, kinga ya virusi ya Windows, inaitumia yenyewe itaendelea kuhuishwa hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo una muda wa kukusanya pesa ya mashine ijayo bila kukurupuka, mradi kwenye mashine hii usifanye mambo ya benki.

Wapo watakaojitolea kukuwekea Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti. Inawezekana, nami nimeiona ikitembea, ila Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea marekebisho. Kwa mashine ya kuchezea sina neno. Kwa mashine inayokulisha, hapana.

Mwanafunzi_wa_Kasapa

Ninashangaa hakuna aliyeitaja Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Mama, Linux Mint toleo la 22 ina huduma ya marekebisho hadi mwaka 2029, haidai leseni wala TPM, na kwenye mashine ya umri huo yenye RAM ya GB 4 inaenda vizuri kuliko Windows, hasa ile yenye mandhari ya Xfce. Virusi hivi vinavyosambaa kwa flashi mjini kwetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo kwenye Linux vinalala tu. Ndani yake kuna LibreOffice inayofungua mafaili ya Word. Mimi memwari yangu yote niliiandika humo, tangu ukurasa wa kwanza hadi marejeo. Unaweza hata kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya diski.

Mama_Mchapaji

Nashukuru sana, wanangu. Jaribio nimelifanya: diski imesimama kwenye 100 na prosesa haikufika hata 20. CrystalDiskInfo nayo imetoa rangi ya njano, kwa hiyo jana usiku nilikaa nikinakili mafaili kwenye kompyuta ya binti yangu.

Nina maswali yaliyobaki. Kwanza, hiyo Linux inanitia hofu, kwa sababu mteja akileta memwari iliyopangwa na mwalimu wake na mimi nikamrudishia imehama kurasa, kelele zitakuwa zangu. Pili, ninashauriwa ninunue "onduleur", lile sanduku lenye betri linaloendelea kutoa umeme ukikatika, ya kuchomekea kompyuta na printa ya leza kwa pamoja. Je, ni pesa iliyotumika vizuri? Tatu, nifanye nini na flashi za wateja? Wiki haipiti bila mtu kuniambia kwamba flashi yake iliingia kwangu ikiwa na mafaili na imetoka ikiwa na njia za mkato tupu.

Bisibisi_BelAir

Pole kwa njano, na umefanya vyema kutangulia kunakili. Sasa usiiwashe mashine hiyo bila sababu mpaka SSD ipatikane.

Nianze na printa, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa bila kujua. Printa ya leza usiichomeke kamwe kwenye onduleur. Ndani ya printa hiyo kuna rola inayochemshwa ili kuuyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi, na kila inapopata moto inavuta ghafla mamia ya wati, nyingine hadi karibu elfu moja. Onduleur ndogo iliyoandikwa VA 650 haiwezi kutoa hata wati 400. Printa ikianza kuchemka, onduleur itapiga kelele na kuzima kila kitu, pamoja na ile kompyuta uliyotaka kuiokoa. Umeme ukikatika, karatasi iliyokwama ndani ya printa utaitoa kwa mkono na kuichapa upya. Hakuna kilichopotea isipokuwa ukurasa mmoja.

Na ukishakuwa na betri nzima kwenye kompyuta, onduleur haina kazi tena kwako, isipokuwa kama una mashine ya mezani. Betri ya risasi iliyomo ndani yake inahitaji saa kadhaa kujaa, na umeme ukiwa wa kuja na kuondoka mara kwa mara haijai hata siku moja; baada ya muda inabaki sanduku zito linalolia usiku. Pesa hiyo iweke kwenye kitu kingine: kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha, kile kinachokaa dakika kadhaa baada ya umeme kurudi ndipo kinaruhusu mkondo upite. Chaja ya kompyuta yako, ukiigeuza na kusoma maandishi yake madogo, huenda imeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme dhaifu hauisumbui. Kinachoiua ni ule mruko wa umeme unaporudi kwa kishindo. Printa na mashine ya fotokopi hazina uvumilivu huo wa volti, ndizo zinazostahili kulindwa kwanza. Mwambie fundi umeme akague pia kama soketi zako zina waya wa ardhini unaofika ardhini kweli, maana nyumba nyingi zina tundu lake lakini nyuma ya ukuta hakuna waya, na kifaa cha kulinda kisicho na ardhi kinafanya nusu ya kazi. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, radi ikianza kusikika chomoa kabisa, usitegemee swichi.

Kuhusu flashi, hicho unachokieleza ni kirusi cha siku nyingi. Hakijafuta kitu: kimeyaficha mafaili ya mteja na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, ili mtu akibonyeza akiamini anafungua kazi yake, kirusi ndicho kinachoanza kutembea. Kwa hiyo mteja asikimbilie kuiformati flashi. Chukulia flashi imepewa herufi E. Kwenye dirisha lile jeusi andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafaili yake yatajitokeza tena. Baada ya hapo njia za mkato zifutwe, na flashi ipitishwe Defender. Kwenye mashine yako washa chaguo la kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, ili kitu kinachojiita memwari lakini kinaishia na .exe au .lnk ukione kabla ya kukibonyeza.

Hapa ndipo ninapokubaliana na mwanafunzi wa Kasapa, ingawa si kwa njia aliyoipendekeza. Hofu yako kuhusu kurasa kuhama ni ya haki. Faili lililopangwa kwa Calibri au Times New Roman likifunguliwa mahali ambapo fonti hizo hazipo, programu inaweka zinazokaribiana nazo, na kwa barua ya ukurasa mmoja hutaona tofauti, lakini memwari yenye majedwali, maelezo ya chini na yaliyomo yanayojijaza yenyewe inaweza kusogea. Mwanafunzi anayeandika kazi yake humo tangu mwanzo hadi mwisho hana shida hiyo. Anayepokea kazi za watu mia ndiye mwenye shida. Basi baki na Windows na Word kwa kazi ya wateja, ila ukipata mahali kompyuta ya mezani iliyotupwa kwa uzee, hata yenye RAM ya GB 2, iwekee Linux Mint na uifanye mlango wa kupokelea: kila flashi inaingia pale kwanza, unachukua faili linalohitajika tu, kisha unalihamisha kwa flashi yako mwenyewe ambayo haitoki ofisini. Wateja wa kuchapisha bila marekebisho waombe PDF, wataondoka na kurasa zilezile walizokuja nazo.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: wanaokutumia kazi kwa WhatsApp wanakuachia vitambulisho, mikataba na barua za siri ndani ya folda ya Téléchargements. Isafishe kila jioni kabla hujafunga mlango.

Mwalimu_Kampemba

Niongeze kuhusu ile Core i7, kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakitekwa na namba hiyo. Herufi i7 peke yake haikuambii kitu mpaka usome tarakimu zinazofuata. Core i7-2620M ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, nayo ina viini viwili. Core i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, ina viini vinne na inakubaliwa na Windows 11. Mwuzaji akikutajia bei ya juu kwa ajili ya i7 bila kukuonyesha tarakimu hizo, anakuuzia kibandiko. Zitazame mwenyewe kwenye Paramètres, sehemu ya Système, kisha Informations système, usizisome kwenye stika iliyobandikwa karibu na kibodi, kwa kuwa stika inauzwa peke yake.

Siku utakapofika kununua, ziwe mashine zilizopitia mpaka wa Kasumbalesa au zilizoletwa kwa ndege, fanya mambo mawili ya ziada ukiwa palepale dukani. Izime, uiwashe na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows. Ikidai nenosiri, iache, maana kompyuta hizi nyingi zilikuwa za makampuni na kufuli hiyo haiondoki kwa kuiformati diski. Kisha omba iunganishwe na intaneti huku Windows ikianzishwa upya kama mpya. Kama itakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kukuomba barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa kwa wenyewe, na iko siku watakufungia kazi zako ndani.

Mama_Mchapaji

Mwalimu, nimerudi kwa yule mwuzaji na kumwomba anionyeshe tarakimu. Ilikuwa i7 ya kizazi cha pili. Tumeagana vizuri.

SSD nimeshaipata na H2testw imeipitisha. Swali la mwisho, Bisibisi: ile diski ya zamani niitupe, au ina kazi? Na mashine nyingine ikipatikana siku za mbele ikiwa na kibodi ya QWERTY ya Marekani, mimi mwenye mikono ya AZERTY nitaandikaje "é" na "ç"?

Bisibisi_BelAir

Kibodi isikunyime usingizi. Ongeza mpangilio wa Français kwenye Windows, na vidole vyako vitakuta herufi mahali vilipozoea hata kama vifuniko vinaonyesha herufi nyingine. Stika za AZERTY zinauzwa, ila chagua zisizong'aa. Kama kuna msaidizi anayesoma kibodi kwa macho, mwekee mpangilio wa États-Unis - International: akibonyeza alama ya mkato wa juu (') kisha e, anapata é, na mkato huohuo ukifuatiwa na c unatoa ç.

Diski ya zamani usiitupe, lakini usiiamini tena kwa kitu kilicho peke yake. Ivalishe kile kiboksi cha USB cha inchi 2.5 na uiweke kama nakala ya ziada ya nakala, mpaka itakapokata roho yenyewe. Nakala halisi ya kazi za wateja iwe kwenye diski nyingine nzima, inayolala nyumbani na si ofisini, maana mwizi akija anabeba kompyuta pamoja na kila kilicho karibu nayo. SSD ina tabia moja mbaya: diski ya sahani mara nyingi huanza kulia na kujivuta kabla ya kufa, hii inaweza kuamka asubuhi haionekani kabisa, na kuyatoa mafaili ndani yake ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Halafu ingia kwenye Word, Fichier, Options, Enregistrement, na pale palipoandikwa dakika 10 weka 2, ili Word ijiwekee nakala ya dharura mara nyingi zaidi. Wakati fundi ameifungua mashine kuvalisha SSD, mwambie apulize pia vumbi jekundu kwenye feni na abadilishe ule ute wa kupitisha joto ulio juu ya prosesa. Baada ya kiangazi cha Mei hadi Septemba vumbi huziba feni, na ute hukauka kadiri miaka inavyopita; ni kazi ya dakika chache ikiwa mfuniko umeshafunguliwa.